Mifereji Miwili Ndani ya Ini

Mashine ya mawimbi ya sauti ililetwa hospitalini kwetu, nje kidogo ya mji wa Kisii, mwishoni mwa miaka ya sabini, ikiwa na kitabu chake tu. Mimi, msaidizi wa eksirei, nilijifundisha. Nilinunua ini la ng'ombe sokoni Keroka, nikalizamisha kwenye beseni la maji, nikalipima hadi nikaijua mishipa yake kama njia za kwetu. Nilichora yote daftarini. Mstari ukipinda, narudia ukurasa mzima.

Kwa maini nilikuwa hodari. Kwa watu, bado.

Akaja mama mmoja mchuma chai wa Itumbe, macho ya manjano. Daktari alitaka jibu moja: mfereji wa nyongo umeziba? Ukiwa umeziba, atampasua kesho. Kama sivyo, kisu kingemwumiza bure.

Lakini alikuwa rika la mama yangu, na chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana aibu kati ya wazazi na watoto, hairuhusu mwana kutazama tumbo la mama. Nikampaka mafuta tumboni, macho yangu yakiwa darini, nikachungulia kioo mara moja, nikaona mfereji mmoja, nikaandika: haujaziba.

Nesi aliyekuwa nasi chumbani akanifuata hadi mlangoni kwa daktari. "Wewe, umempima mama au umepima dari?"

Karatasi ilikuwa tayari mezani kwa daktari. Nikaenda nikakiri kwamba sikutazama vizuri.

"Basi katazame," akasema.

Nilipomwomba mama radhi, alicheka, mgonjwa vile. "Nilidhani mashine yako inaonyesha huko juu! Mwanangu, chinsoni ni ya ngozi. Huko ndani hakuna cha kuonea aibu. Nifunikeni leso, muache penye kazi."

Nesi akamfunika, akaacha nafasi ya kiganja chini ya mbavu za kulia. Nikamwambia mama avute pumzi aishike. Ini likashuka, na mbele ya mshipa mkubwa wa damu, ule mfereji mmoja niliouona kwanza, nikauona mfereji wa pili, sambamba nao, upana karibu sawa, kama alama za magurudumu ya lori la chai kwenye matope. Mfereji wa nyongo ukiwa mzima huwa mwembamba sana; ukiziba hutanuka. Nikaufuata hadi chini: jiwe, na kivuli cheusi nyuma yake.

Kwenye karatasi nikalifuta lile "haujaziba" kwa mstari ulionyooka, nikaandika: umeziba.

Jiwe lilitolewa kesho yake, kubwa kama punje ya mahindi. Siku mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani, macho yake meupe, alinikuta kibarazani. Alitazama dari, akacheka, akaenda zake.