Fundi aliyesimamisha kliniki sita kwa ajili ya jicho moja

Chini ya dirisha, wachuuzi wa soko la Kalerwe, Kampala, wanarushiana kabichi kutoka kwenye lori. Juu, katika chumba cha kliniki chenye pazia badala ya mlango, Loice Nakhisa ameukodolea macho mstari mwembamba unaotambaa kwenye skrini ya kompyuta.

"Msiguse kitu," anawaambia wauguzi wawili waliosimama nyuma yake. "Umeme ukikatika sasa, tunaanza kuweka programu upya."

Umeme umeshakatika mara mbili tangu afike. Safari hii mstari unafika mwisho. Loice anafungua picha ya ndani ya jicho la mgonjwa, iliyopigwa kwa simu yenye lenzi maalumu. Mwanzoni ni ukungu mtupu. Anabonyeza kitufe, ukungu unatoweka, na mishipa myekundu inajitokeza mmoja mmoja.

"Bambi!" muuguzi mmoja anashangaa kwa Kiganda. "Kumbe ilikuwa humo humo?"

"Ilikuwa humo humo," Loice anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kompyuta za kliniki hizi hutegemea kile ambacho mafundi huita maktaba: mkusanyiko wa programu za kuchakata picha, ulioandikwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Lakini kitu cha bure hakiji na fundi. Fundi ni Loice, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Chwele, Bungoma, aliyekuja Kampala kuuza vifaa vya simu na kujifunza kompyuta jioni baada ya kufunga duka. Sasa anaishi Kisugu, na kila kliniki humlipa shilingi laki moja na nusu za Uganda kwa mwezi.

"Watu hudhani kuweka programu ndiyo kazi," anasema. "Kuweka ni rahisi. Kazi ni kukaa nayo."

Alilijua hilo vizuri mwaka jana.

Kliniki ya Ggaba, karibu na soko la samaki, ilinunua kompyuta mpya iliyokataa toleo la zamani la maktaba. Loice akaweka toleo jipya. Ili kliniki zake sita zifanane, akabadilisha kote. Akajaribu kwa picha zake za mfano, zote zikatoka sawasawa. Akarudi nyumbani akiwa na amani.

Wiki iliyofuata, Maalim Tajudin, mwalimu wa madrasa mwenye kisukari, alifika Ggaba kuchukua majibu. Muuguzi Maimunah akamsomea: jicho la kushoto limeharibika, linahitaji kutibiwa kwa leza mjini, na la kulia ni zima.

Mzee akamkunjia muuguzi uso. "Musawo, la kushoto mnalitakia nini? Hilo ndilo ninalosomea. Bovu ni hili la kulia. Herufi zote zinaogelea."

"Maalim, mashine ndiyo inasema hivyo."

"Mashine haikai kichwani mwangu."

Maimunah angeweza kumpa barua ya rufaa na kumwita mgonjwa mwingine. Badala yake alimpigia Loice, akamwita kwa heshima ya Kiganda. "Nnyabo, kuja Ggaba. Huyu mzee analalamika, na mimi naona ana haki."

Loice anakiri kwamba hakuamini. "Nilijiambia, mzee amechanganya. Lakini sauti ya Maimunah haikuwa ya mchezo. Nikapanda boda."

Alifika, akafungua faili la Maalim, akalipekua lote. Hakuona kasoro. Ndipo akaketi mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Nipige mimi," akamwambia Maimunah. "La kulia."

Picha ikaingia kwenye kompyuta, ikasafishwa, ikatoka na mhuri wake pembeni: KUSHOTO.

Loice akarudi kwenye kompyuta.

Aligundua chanzo baada ya muda mfupi. Simu huambatanisha na kila picha alama inayoonyesha ilivyoshikwa. Toleo la zamani la maktaba halikuijali alama hiyo, hivyo programu ya kliniki ilikuwa inaigeuza picha yenyewe. Toleo jipya liliisoma alama na kuigeuza picha. Basi picha ikageuzwa mara mbili, ikatoka kichwa chini. Na picha ya jicho la kulia ikipinduliwa, hufanana na ya jicho la kushoto, na mashine huupiga mhuri kwa kufuata sura hiyo. Picha zake za mfano zilipigwa kwa kamera kongwe isiyoweka alama yoyote, ndiyo maana hazikumwonya.

Angeweza kurekebisha pale pale na kunyamaza. Maimunah anakumbuka Loice alivyotoka nje, wanakoanika dagaa, akampigia Daktari Okullo, bingwa wa macho anayesoma picha hizo mjini.

"Daktari, tangu wiki iliyopita picha zote zimepinduka. Kulia ni kushoto."

"Zote?"

"Za kliniki zote sita."

"Kesho asubuhi nina wagonjwa wa leza, Loice."

"Ndiyo maana napiga."

"Simamisha kliniki zote. Na ujue nimekasirika."

"Najua, daktari."

Akazipigia kliniki moja baada ya nyingine, akiomba zisipige picha hata moja mpaka aseme. Meneja mmoja alimfokea mbele ya wateja wake, na baadaye akamwachisha kazi. Loice hakubishana. Yeye na Maimunah walizipitisha upya picha zote, na kila jibu lililokuwa limekosewa, Maimunah alimpigia mgonjwa mwenyewe.

Hakuna aliyetibiwa jicho lisilo bovu.

"Mimi hutazama ndani ya jicho kabla ya kuwasha leza," anasema Daktari Okullo. "Huenda ningegundua. Lakini sitaki wagonjwa wangu waishi kwa huenda. Hasira iliponiisha, nilijiuliza ni mafundi wangapi wangenipigia simu ile. Nikampendekeza kwa kliniki ya Kalerwe."

Maalim Tajudin alitibiwa jicho la kulia. Bado halioni kama zamani, lakini halizidi kuharibika, na darasa lake linaendelea. "Yule binti wa Kikenya alikuja kuniomba radhi nyumbani," anasema. "Nikamwambia, umeniomba radhi mara tatu, sasa kunywa chai."

Loice aliwaandikia pia wanaoitunza maktaba ile. Onyo kuhusu alama ya picha lilikuwepo, ila mbali mwishoni mwa maelezo ya toleo jipya. Aliomba lipandishwe hadi ukurasa wa kwanza wa maelekezo. Mmoja wao alipinga, wakajibizana kwa wiki nzima, hatimaye likapandishwa. Yeye mwenyewe ameandika maelekezo hayo kwa Kiswahili chepesi, pamoja na kanuni moja ya kwake: kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, muuguzi apige picha ya jicho la kulia la mwenzake aone mashine inasema nini.

Sasa ana mpango mwingine. Jumamosi huwakusanya wauguzi chumbani kwake Kisugu na kuwafundisha kuweka maktaba wenyewe, kuitoa na kuirudisha. Maimunah tayari ameweka kompyuta mbili bila msaada. Mwezi ujao atakwenda Masaka kuiwekea kliniki mpya maktaba hiyo, na Loice hataandamana naye.

Haogopi kwamba anajifukuzisha kazi?

"Siku ile Ggaba, kama Maimunah angeniamini mimi tu, yule mzee angepelekwa mjini kutibiwa jicho zima," anasema. "Nataka kitu kikiharibika, muuguzi aanze kwa mgonjwa. Kisha amuulize mwenzake. Mimi niwe wa tatu."