Tashibiha za Steinvör kwa Marehemu

Katika fiyodi ile, ghuba nyembamba iliyobanwa na milima, hazikwi mtu bila kuandikwa gazetini, na waliotaka maiti wao aandikwe vizuri walimwendea Steinvör. Alikuwa mchambuaji samaki kiwandani, hana shahada wala nini, lakini kwa tashibiha hakuwa na mpinzani. Mzee mchoyo alimwandika kuwa mwangalifu kama mtu anayevuka ziwa la barafu. Mama mgomvi alimfananisha na chemchemi ya maji moto: huisogelei ovyo, ila ndiyo inayopasha nyumba joto. Watu walilia, wakakata ukurasa na kuutia kwenye fremu. Mwenyewe alijua anadanganya, lakini uongo kuhusu wafu wa wenzake haukumnyima usingizi.

Kisha akafa kaka yake, Bergur.

Huyu Bergur jamani, Mungu anisamehe. Steinvör ndiye aliyebaki shambani akizalisha kondoo na kumuuguza mama yao. Walipomzika tu, Bergur akatoa karatasi za kumpa yeye shamba, ambazo mama alitia sahihi akiwa hajitambui, akamwambia dada yake afungashe virago. Tangu hapo miaka thelathini na mitano ilipita, na wakikutana dukani Bergur alijifanya anasoma makopo.

Siku tano kabla ya mazishi, mtoto wa Bergur, Hlynur, akaja kunywa kahawa. Akamwomba aandike, tena kwa zile tashibiha zake.

"Sina tashibiha ya baba yako," Steinvör akamwambia.

"Shangazi, acha hizo. Umempamba hata yule mlevi wa bandarini."

Siku mbili akaandika na kufuta. Kila alipotia neno "kama", lile kosa lilipata pa kujificha. Mwishowe akaandika maneno makavu: Kaka yangu alinifukuza kwetu wiki tuliyomzika mama. Nilimngoja aniombe radhi mpaka amekufa. Steinvör alitaka jambo moja tu maishani, watu wajue alichotendwa. Akampa Hlynur bahasha ayapeleke gazetini pamoja na makala za ndugu wengine.

Gazeti likatoka asubuhi ya mazishi. Chini ya picha ya marehemu, kwa jina la Steinvör, paliandikwa: Bergur alikuwa kama mlima nyuma ya nyumba, sote alitukinga na upepo.

Akamkuta Hlynur ukumbini, watu wakila keki baada ya maziko. Akamnyooshea ule ukurasa.

"Nimekusitiri, Shangazi," Hlynur akanong'ona. "Ulitaka wajukuu zake wasome yale?"

Kabla hajajibu, jirani yake Sólrún akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtoka. Akasema miaka yote walidhani ndugu hawa hawapatani, kumbe walikuwa wanamwonea Bergur bure.

"Ule mlima, Steinvör," akasema. "Hujapata kuandika kitu kizuri hivyo."

Nyuma ya Sólrún palikuwa na foleni ya watu wanaosubiri kumpa mkono. Steinvör akamshukuru, kisha akampa mkono aliyefuata.