Kikohozi cha Baba

Geti langu la Soweto, hapa Mbeya, lile la mabati ya bluu lililoandikwa MBAO, nililichomelea mwenyewe. Matofali ya ukuta niliyafyatua mwenyewe. Nyumba iliyo nyuma ya yadi niliijenga kwa mikono hii hii iliyobeba magogo Mafinga wakati wenzangu wa darasa la tano wanaendelea kukariri. Mimi niliishia hapo, la tano, na leo hao waliokariri wanakuja kwangu kununua mbao za kenchi na wananiita tajiri. Nasema mapema, mtu asidhani naandika ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nina hasira, na haijaisha.

Geti ni moja tu. Wateja wanapita hapo, lori langu linapita hapo, na familia yangu inapita hapo hapo kwenda ndani. Kwa hiyo mwaka ule wa barakoa, baba yangu mzazi alipougua, kufunga nyumba kulikuwa ni kufunga kazi, na kufungua kazi kulikuwa ni kuufungulia ugonjwa.

Baba alikuwa anaishi na sisi tangu mama alipofariki. Alikwenda Igowole kumzika rafiki aliyechuma naye chai ujanani. Msiba ulijaa watu, wakashikana mikono, wakala sinia moja. Akarudi na homa. Halafu akaanza kulalamika kwamba ndizi za nyumba hii siku hizi hazina harufu wala chumvi. Nikampeleka hospitali. Wakamwingiza kijiti puani, wakaniambia ni Korona. Kwa kuwa bado anapumua vizuri, akae nyumbani, chumba chake peke yake, na pumzi ikianza kukatika arudishwe mbio. Daktari aliposikia kwamba mke wangu ana pumu, akaninyooshea kidole: "Huyo mama asimsogelee mzee kabisa."

Nusura nicheke. Asimsogelee? Hajawahi kumsogelea! Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, hapishani naye mlangoni, hasemi naye uso kwa uso. Tunaita kutila, yaani kuogopa, ila si woga wa chui, ni heshima. Wengi mjini wameiacha. Mke wangu ni Mhehe wa Iringa, mila hiyo si yake, lakini aliipokea siku aliyoingia kwangu na akaishika kuliko dada zangu wa kuzaliwa. Baba akitaka kutoka chumbani anakohoa kwanza, kikohozi kimoja kizito cha kujulisha. Mke wangu akikisikia anaacha mwiko kwenye ugali, anazunguka nyuma ya rundo la mbao mpaka mzee apite. Chai anaiweka kwenye kigoda nje ya mlango, anagonga kijiko kwenye sufuria, anaondoka. Baba naye akiwa na neno anauambia ukuta. "We ukuta, mwambie mwenye jiko kande za leo zimeiva." Na mke wangu anaujibu ukuta: "Ukuta, sema ahsante."

Kwa hiyo kumuuguza ikawa juu yangu. Nikafunga geti, nikawarudisha wafanyakazi makwao. Nikahamia kwenye kibanda cha yadi. Namwosha mzee, namlisha, namchemshia nyungu ya mchaichai na limau, barakoa puani muda wote, na watoto na mama yao wako upande wa jikoni.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Mteja mmoja, mzee wa maduka, mtu wa dini na wa heshima zake, alikuja kugonga geti kwa ufunguo wa gari lake.

"Tajiri, fungua. Mbao zangu vipi? Mvua ile inakuja."

"Nina mgonjwa ndani, mzee wangu. Mgonjwa wa ugonjwa huu."

Akatazama huku na huku kama nimetaja uchawi. "Ugonjwa upi? Si nimonia tu hiyo? Kijana, mimi nakupenda. Wewe funga mdomo, fungua geti."

"Nikifungua ukaugua wewe, mjane wako nitamwambia ilikuwa nimonia?"

Alikwenda zake anatukana. Kesho yake mtaa mzima unajua kwangu kuna Korona. Wale wale wasiotaka jina litajwe ndio waliolitembeza.

Basi, nilikuwa na mzigo Mafinga. Paini yangu, imeshapasuliwa, imelala nje kwenye kiwanda cha mbao pembeni ya msitu wa Sao Hill. Paini mbichi ikinyeshewa inageuka bluu, na mbao ya bluu haina mteja. Mwenye kiwanda alikuwa ananipigia kila siku: ondoa au nampa mwingine. Mbao zile ndizo zilizokuwa chakula cha nyumba yangu na nyumba za wafanyakazi wangu. Kwa hiyo nilikwenda. Mtu asiniambie nisingekwenda. Wanaosema hivyo wana mshahara.

Ila sikwenda kama mpumbavu. Nilimpigia shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, anakaa hapa hapa Mbeya. Nikamweleza kila kitu, sikuficha. Akasema, "Mwanangu, mimi nimemlea huyo mgongoni. Nenda, asubuhi niko hapo." Nikamnunulia barakoa na glavu, nikaziacha mlangoni. Nikaondoka alfajiri na lori, peke yangu, bila utingo.

Mafinga sikushuka kwenye lori. Niliongea kupitia upenyo wa dirisha, na wapakiaji wakanifanya sinema.

"Tajiri, umekuwa bibi harusi? Mbona umejifunika?"

"Hata mkono hatoi! Mbeya wanaringa siku hizi!"

"Pakieni," nikawaambia. "Mkono wangu una baba mgonjwa. Mnautaka?"

Wakacheka, lakini walirudi nyuma.

Kule msituni mtandao hakuna. Nilipotokea barabara kuu simu ikaanza kulia kama imerogwa. Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa mbele, sauti imejaa utamu wa habari: "Tajiri! Mkeo kampakia baba mkwe wake kwenye mkokoteni, kapita naye mtaani mchana kweupe, watu wote wanaona!"

Nikamwuliza, "Ulimsaidia kusukuma?"

"Nasema watu wote wanaona!"

"Nimekuuliza, ulimsaidia kusukuma?"

Akakata simu. Mpaka leo sijamsalimia.

Habari kamili nilipewa na mke wangu kwenye uzio wa hospitali, kila mmoja na barakoa yake, yeye pumzi inapiga filimbi. Shangazi alikuja kweli. Alifika getini, akasikia mzee anakohoa ndani, akasimama. Akaweka chini ndimu alizoleta, akasema amesahau dawa yake ya presha nyumbani, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Mke wangu akabaki peke yake na mkwe. Na mzee anakohoa.

"Kila alipokohoa mimi nilikimbia nyuma ya mbao," akaniambia. "Miguu ilikwenda yenyewe, baba watoto. Miaka yote kikohozi kile kinaniambia pisha. Nikarudi, akakohoa, nikakimbia tena. Halafu kikakatika. Nikasubiri asikie nafuu, apite. Hakupita. Hapo ndipo nikaogopa."

Aligonga kijiko kwenye sufuria. Akauambia ukuta, "Ukuta, muulize baba kama yuko mzima." Ukuta haukujibu. Akajifunga kitenge usoni, akasukuma mlango.

Mzee alikuwa chini, midomo imekuwa ya zambarau, macho wazi. Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu nimwoe. Akamshika kwapani, akamburuta, akampandisha kwenye mkokoteni wa mbao, akaulalia kuusukuma. Bajaji mbili zilisimama, zikaona, zikaondoka. Majirani walitoka vibarazani, wengine wameshika simu wanapiga picha. Mwanamke mwenye pumu alisukuma mkokoteni ule mpaka mlango wa hospitali, na hakuna mwanaume hata mmoja wa mtaa wangu aliyeweka kidole. Hawa ndio wanaoniomba mabanzi ya kuni bure! Tangu siku ile nauza.

Mzee aliwekewa oksijeni. Akapona. Lakini mke wangu naye akaugua, pumu chini, Korona juu yake, na nikawa natoka kitanda hiki naenda kile. Kuna saa nilimwangalia anavyotafuta hewa nikatamani nichome paini yote. Mungu akatuachia wote wawili.

Tulipofungua geti, nani alikuwa wa kwanza kuingia? Shangazi. Na wazee wawili wa ukoo. Wakakaa chini ya banda, kwenye mbao zangu, mke wangu anawamiminia chai. Shangazi akasema ametumwa na mila. Mkamwana amemshika mkwe, amemtazama, mji mzima umeona. Kwao watoe ng'ombe, wazee wamfungue mwiko, la sivyo ukoo umetukanwa.

"Na hata simshangai," akasema. "Mhehe anajua nini?"

Nilisimama. "Shangazi, Mhehe anajua kusukuma. Wewe ulijua kukimbia. Ng'ombe gani unataka? Yule aliyekukimbiza getini?"

"Kijana, mimi ni baba yako!" Kwetu shangazi ni baba wa kike, alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana niliuma meno.

Wakati huo huo chumbani mzee akakohoa. Kikohozi kimoja kizito, kile cha zamani, anataka kutoka. Wanawake wawili waliinuka kwa mpigo. Mke wangu aliweka birika chini, akainamisha kichwa, akazunguka nyuma ya mbao. Shangazi alivuta khanga puani, kikombe kikapinduka, akawa ameshafika getini. Mzee mmoja wa ukoo alicheka mpaka akapaliwa na chai. Habari ya ng'ombe iliishia hapo, hakuna aliyeirudia mbele yangu.

Baba akatoka, akakaa juani. Mimi nikamfuata mke wangu nyuma ya rundo, nimefura.

"Bado unajificha? Baada ya yote? Uliona macho yake, ulimbeba, ulitaka kufa kwa ajili yake. Huu ni upuuzi gani?"

Akanifuta vumbi la mbao begani. "Siku ile nilimshika kwa sababu alikuwa anakufa. Leo hafi. Leo ni mkwe."

Ng'ambo ya pili mzee akauambia ukuta, polepole, "We ukuta, chai ya leo ina harufu."

Mke wangu alifungua mdomo kuujibu ukuta, akahema, vumbi la msumeno limemkaa kifuani, maana njia yake ya kujificha inapita katikati ya mashine zangu. Nikachukua nyundo na patasi, nikaenda kutoboa ukuta wa jikoni upande wa nyuma, apate pa kupishia mkwe bila kupita kwenye vumbi. Nilimwekea mlango wa mninga, si paini. Shangazi alipiga simu nikiwa napigilia bawaba. Niliiacha ilie.