Barua ya Kodi Niliyomsomesha Baba Mdogo

Mwanangu, siku mbuzi wangu aliporudishwa mlangoni kwa baba yangu mzazi naikumbuka mpaka leo, na nikiisimulia damu inanichemka upya. Wenzangu wa rika langu huniambia nisamehe, nisahau. Kusamehe nimesamehe. Kusahau sisahau, na nataka nikueleze sababu, wewe uliyerudi kutoka kazini ng'ambo na kusema kwamba kilichokatwa kwenye mshahara kimekatwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilifanya kazi Zambia karibu miaka mitatu, kwenye shamba la maua, nikipanga mawaridi ndani ya maboksi katika chumba cha baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nauli ya kunipeleka aliitoa baba mdogo, mdogo wake baba, baada ya kuuza wavu wake wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kila mwezi nilituma kitu hapa Baraka, kwetu Fizi, Kongo. Walipouliza mshahara wangu niliwatajia kile nilichokishika mkononi, basi. Halafu mwezi wa tano habari ikanifikia kwamba baba amefariki, nikaacha kazi siku ileile.

Karani wa kampuni, dada mmoja mpole, aliniita dirishani. Akanieleza kwamba kodi ya mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba mtu atafanya kazi mwaka mzima. Mimi naondoka katikati ya mwaka, kwa hiyo nimekatwa kupita kiasi na ninaweza kurudishiwa. Akanisogezea fomu. Unajua nilifanya nini? Nilicheka! Na msiba wangu kifuani, nilicheka. Mimi mtoto wa Fizi, nimelipa kwenye bariyeri ngapi, zile kamba za askari za kufunga barabara, kati ya Lulimba na Baraka, na nani aliwahi kurudi kwenye kamba kuomba kurudishiwa? Nikamwambia asante, dada, serikali ikimeza imemeza. Fomu nikaiacha palepale. Ujinga huo nausema mwenyewe, sitaki mtu anisemee.

Nilipofika nyumbani, maziko yalikuwa yamepita. Baba mdogo alikuwa karani wa meli zamani, kwa hiyo ndiye aliyeshika daftari la michango ya matanga. Akaniomba karatasi ya mshahara wangu wa mwisho, aone nilikuwa nafanya kazi gani. Nikampa bila wasiwasi. Ilikuwa hiyo moja tu, kwa sababu za nyuma zote nilikuwa nikiwashia mkaa. Akaweka kidole kwenye namba ya juu, ile ya kabla ya makato.

“Hii njo mushahara,” akasema. “We ulituambia ya chini. Ingine iko wapi?”

Nikamweleza habari ya kodi. Akacheka kama nilivyocheka mimi dirishani. Akaamua moyoni mwake kwamba nina mwanaume Zambia na namjengea nyumba, na kwamba wavu wake umekwenda kumnunulia mtu mwingine mabati. Ile karatasi akaitia mfukoni mwake.

Wiki mbili baadaye nikapeleka mchango wangu, mbuzi mmoja na gunia la unga wa muhogo. Baba mdogo akasimama mlangoni.

“Batu bote basikie! Kwa matanga ya kaka yangu hatukulake vitu vya mwizi. Ile mbuzi irudi kwenye ilitoka.”

Akasoma daftari. Baba yangu alizaa watoto watano, yalisomwa majina manne. Watu walinipisha njia nikatoka na mbuzi wangu.

Nilijifungia siku tatu. Aliyekuja kugonga ni Shangazi Mauwa, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, mikono ikinuka samaki maana alitoka kuanika ndagala. Nilidhani amekuja kunibembeleza. Aka!

“We unalia nini? Kama uliiba, lia. Kama haukuiba, simama!”

“Shangazi, ni serikali ndiyo ilichukua. Serikali hairudishake kitu.”

“Ya hapa. Ya kule uliiuliza?”

Nikamweleza habari ya fomu, kwa sauti ndogo sana.

“Kumbe! Batu banataka kukurudishia, we unabacheka? Sasa utaandika. Makuta yako, zile feza, barudishe ao bakatae, iko kazi yao. Lakini baandike kwa karatasi kama ni bao balichukua.”

Nikaandika. Barua nikampa mfanyabiashara wa boti ya Mpulungu, bandari ya Zambia, aiposti kule. Kimya. Nikaandika ya pili, kimya tena. Sokoni wakanipa jina, Mama Kodi. “Mama Kodi, serikali imekusalimia?” Nikawajibu, “Itanisalimia, tena kwa jina langu!” Mchana nilijibu hivyo kwa kidomo changu, lakini nakuambia ukweli, iliniuma.

Barua ya tatu nilimwandikia yule dada karani mwenyewe, nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Huyo akajibu. Alituma fomu ileile, akataka nakala ya pasipoti na ile karatasi ya mwisho ya mshahara. Nayo ilikuwa mfukoni mwa baba mdogo! Nikaenda kwake. Akauliza naitakia nini. Nikasema ni yangu, nikanyoosha mkono, nikauacha hapo hewani mpaka akachoka kuutazama. Akanipa, nikajaza fomu, nikazituma zote kwa boti.

Miezi ikapita, mvua zikaja zikaisha. Jibu likaletwa na boti, barua moja ya ofisi ya kodi yenye mistari mitatu ya namba: nilichopata, nilichokatwa, kinachorudishwa. Pesa zenyewe zilipitia kampuni, yule dada akamkabidhi mfanyabiashara wetu, naye akanihesabia mbele ya shangazi. Hazikuwa nyingi, zilitosha mchele na mafuta. Na usinielewe vibaya, mwanangu: sikudai yote. Kodi halali ya kule niliiacha kule. Nilidai iliyozidi.

Siku ya kuondoa matanga ikafika, ukoo wote umekaa, hadi waliotoka vijiji vya Nundu na Kilembwe. Baba mdogo akafungua daftari. Sikungoja kuitwa. Nilisimama nikaiweka barua juu ya daftari lake. Akaisoma kwa macho.

“Soma na sauti,” shangazi akamwambia. “Siku ile ulisema na sauti.”

Akasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaikunja barua taratibu, akasema, “Basi, aandikwe.”

“Hapana, baba mudogo,” nikasema. “Uliniita mwizi mbele ya batu hawa. Neno hilo uliondoe mbele yao.”

Wazee wakanung'unika kwamba mtoto wa kike hasemi hivyo. Wanung'unike! Nilibaki nimesimama. Baba mdogo akashika kalamu yake, akasema, “Haiko mwizi. Nilikosea.” Akaandika jina langu kwa mkono wake, akasoma watoto watano. Nikaenda kukaa kwenye mkeka wa ndugu zangu, na hapo ndipo nilipomlilia baba yangu, kwa mara ya kwanza tangu afariki.

Kwa hiyo nisikilize. Tunza kila karatasi ya mshahara, hata usiyoielewa. Ukifika nyumbani waonyeshe namba ya juu na ya chini siku ileile, ueleze kilichopita katikati, kabla mtu hajakueleza yeye. Ukipewa fomu, jaza. Wakinyamaza, andika tena, na tena. Ukichekwa, wacha wacheke, hakuna hata mmoja wao atakayekulipa. Na ukiitwa mwizi nawe hukuiba, usiseme yaishe. Yasiishe mpaka aliyesema ameyarudisha mwenyewe.

Mungu akupe mkono usiochoka kuandika na magoti yasiyokunjika mbele ya uongo. Akurudishie kilicho chako, na jina lako lisomwe kamili popote nduguzo watakapokaa. Haya, vuta kiti, tuanze barua.