Swichi Iliyobonyezwa Mara Kumi na Moja

Kila aliyefanya naye kazi alimwita Rangi, na jina hilo lilimfuata tangu enzi za ngazi ya baba yake. Baba alikuwa mchora mabango ya maduka, na binti alianza kumshikia makopo kabla hajajua kusoma vizuri. Bango likikauka, baba alimwamuru apite mbele yake mbio, asigeuke nyuma, kisha aseme ameona nini. Akisema "nimeona viatu" kwenye duka la viatu, wanafunga kazi. Akisema "nimeona maua," baba anachukua kitambaa na mafuta ya taa, anayafuta maua yote, wanaanza upya.

Miaka ishirini na mitano baadaye hakukuwa na ngazi tena. Kulikuwa na kiti chenye gurudumu moja bovu, ghorofa ya tatu, katika kampuni ya watu sita waliotengeneza programu ya kuhesabu barua pepe. Ofisi yenye wateja wengi ilifungua programu hiyo ikajua zimeingia barua ngapi, zimejibiwa ngapi, na mwandishi wa kila moja kasubiri muda gani. Ilianza na ukurasa mmoja na namba moja kubwa katikati, na aliyeuchora ukurasa huo ni Rangi. Mtu wa kwanza kuutazama alikuwa mama yake mdogo, karani wa malalamiko katika kampuni ya maji. Rangi alimwonyesha kwa sekunde tatu, kisha akaifunika skrini kwa jalada la kadibodi.

"Umeona nini, mama?"

"Nimeona nina barua arobaini na moja hazijajibiwa, na wewe hapa unanichelewesha."

Wakafunga kazi.

Matatizo yaliletwa na kufaulu. Kila mteja mpya alikuja na ombi lake: huyu anataka siku kwa siku, yule mfanyakazi kwa mfanyakazi, mwingine alinganishe mwezi huu na ule uliopita, na kuna aliyetaka yote hayo kwa rangi ya nembo yake. Hakuna aliyenyimwa. Vitufe vikaongezeka vikabanana kama nguo kwenye kamba fupi, hadi siku moja Rangi alivihesabu akapata thelathini na vinne kwenye ukurasa uliozaliwa na namba moja.

"Imekuwa stoo ya bibi," Bosi alisema. "Hakuna kinachotupwa. Nipe uso mpya wa programu kwa wiki sita. Kampuni ya maji ndiyo mteja wetu mkubwa, na mwisho wa mwezi ujao wanaamua kama wanabaki."

Rangi aliamua kufanya haki. Kwa miezi mitatu programu ilikuwa ikijihesabu yenyewe, kila kitufe kimebonyezwa mara ngapi, kwa hiyo alizichukua hesabu hizo zimwamulie. Kilichobonyezwa sana kilikaa mbele. Kilichobonyezwa kidogo kilipelekwa kwenye droo, orodha iliyofichwa pembeni mwa skrini, iliyoandikwa "Mengineyo". Kati ya vilivyohamishwa ilikuwamo swichi ndogo ya zamani, "Saa za kazi tu". Ikiwashwa, programu haimhesabii karani saa za usiku na siku za mapumziko. Miezi mitatu, wateja wote: mara kumi na moja.

"Kumi na moja?" Injinia alicheka. Yeye ndiye aliyeandika programu, kijana mpole aliyekula karanga kutwa nzima. "Hiyo tuizike tu, dada."

Wakaizika. Jumatatu asubuhi uso mpya ukawashwa, mweupe, mwepesi, majina ya makarani yamepangwa juu kwa herufi kubwa, aliyechelewa zaidi akitangulia kwa rangi nyekundu. Bosi alipita nyuma ya kiti cha Rangi akampigapiga begani.

Alhamisi, saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, ni wewe uliyeigusa mashine yetu?"

"Ni mimi. Ina nini?"

"Inanitukana. Jina langu liko juu kabisa, jekundu, kubwa kama tangazo la msiba. Eti mtu akiniandikia namjibu baada ya saa kumi na nne. Wiki iliyopita hazikufika mbili. Nimezeeka kiasi hicho tangu Ijumaa?"

Rangi alicheka. Upande wa pili hakuna aliyecheka.

"Saa nne kuna kikao," mama mdogo aliendelea, sauti imeshuka. "Tuko tisa. Mikataba saba inaendelea, miwili inaishia hapa. Madamu, meneja wetu, kachapisha orodha kutoka kwenye hicho kitu chako. Mimi ndiye wa kwanza, mwanangu. Miaka kumi na tisa, halafu ndiye wa kwanza."

Rangi alifungua programu. Ilimchukua dakika moja kuelewa. Mama mdogo ndiye aliyefungua ofisi kila siku, na barua zote zilizoandikwa usiku zilimsubiri yeye. Mtu aliyeona bomba limepasuka mbele ya nyumba yake saa mbili usiku huandika saa hiyo hiyo. Mpaka mama mdogo avute kiti saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili zimeshapita, na zote zinaandikwa kwenye jina lake. Makarani wa mchana walipokea barua mbichi. Aliyefika mapema ndiye aliyeonekana mchelewaji. Rangi akafungua droo. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Injinia! Tulipohamisha vitu kwenye droo, vilibaki vilivyokuwa?"

Karanga zikaacha kutafunwa. "Vilianza upya. Vyote vimezimwa. Si tulisema hakuna anayevitumia?"

"Bomba kuu la maji kwako umelifungua mara ngapi?"

"Mara moja. Nilipohamia."

"Basi. Na maji unakunywa kila siku."

Injinia aliisogelea skrini. "Siwezi kuiwasha kutoka hapa," alisema polepole. "Kila ofisi ina ya kwake. Ni madamu wao, kwa nywila yake."

Bosi alikuwa ameshakwenda kampuni ya maji, kuuonyesha uso mpya na kupata saini. Alipokea simu ya Rangi kwa kunong'ona.

"Kesho tunarekebisha kimyakimya. Leo usiseme neno."

"Kesho mama mdogo hana kazi, mkubwa."

"Mama mdogo ni mmoja, Rangi. Sisi tuko sita."

Akakata.

Kampuni ya maji ilikuwa mitaa minne mbele. Rangi alikwapua jalada la kadibodi bila kujua kwa nini, akashuka ngazi mbilimbili. Alipita mbele ya karakana ya kuchomelea, cheche zikiruka hadi barabarani, akapita duka la kuchapisha lenye foleni ya wanafunzi, na mabango yote aliyapita mbio kama alivyofundishwa. Safari hii hakuona hata moja. Getini, mlinzi alimsogezea daftari la wageni.

"Jina, unakotoka, shida yako, na saa."

"Mzee, nina haraka."

"Haraka nayo iandike, kuna nafasi kwenye shida."

Kalamu haikutoa wino. Mlinzi alitafuta nyingine mfukoni, kwenye droo, chini ya redio, akaipata nyuma ya sikio lake mwenyewe. Saa tatu na dakika hamsini na tano.

Chumba cha mikutano kilinuka zulia jipya. Makarani tisa walikaa upande mmoja wa meza. Mama mdogo alikuwa mwisho, miwani imening'inia kwa kamba kifuani, mkoba mapajani, ameukumbatia kama abiria ambaye kituo chake kimefika. Madamu, meneja wa huduma kwa wateja, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alikuwa na kompyuta na karatasi moja mbele yake. Ukutani uso mpya uling'aa, mkubwa kuliko dirisha. Bosi alimwona Rangi mlangoni, tabasamu lake likabaki lakini macho yakaondoka.

"Huyu ndiye mchoraji wetu," alisema. "Amekuja kupokea pongezi."

"Karibu," Madamu alisema. "Lakini tuna kazi ngumu sasa hivi."

"Madamu, naomba sekunde tatu. Tazama ukutani."

Madamu alishangaa, lakini alitazama. Rangi akahesabu moyoni, kisha akaweka jalada la kadibodi mbele ya mwanga wa projekta. Ukuta ukawa giza.

"Umeona nini?"

"Jina la mama huyu. Kwa nyekundu."

"Umeona barua zake ziliingia saa ngapi?"

"Hapana."

"Usingeweza kuona. Niliificha mimi."

"Rangi," Bosi aliingilia, "haya mambo ya kiufundi tutayazungumza…"

"Si ya kiufundi, mkubwa. Nilikosea." Akaendelea, akieleza habari ya swichi kwa maneno machache. Kisha akasema, "Madamu, fungua pale pembeni, 'Mengineyo'. Shuka chini. Bado. Chini kabisa. Hiyo hapo. Iwashe."

Akaondoa jalada. Ukutani majina yalitetemeka, yakaanza kupishana. Jina la mama mdogo lilishuka nafasi moja, mbili, nne, likatulia la tatu kutoka mwisho, rangi ya kijani: saa moja na dakika hamsini.

"Mama, umekuwa msichana tena!" karani mmoja alisema, na kicheko kikapita mezani, kifupi, kama kikohozi.

Madamu hakucheka. "Kwa hiyo tangu Jumatatu nimekuwa nikisoma nini?"

"Ulikuwa unasoma usiku, madamu. Tuliwaandikia makarani wako saa walizokuwa wamelala."

Madamu aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya glasi yake ya maji. "Hakuna kikao mpaka ripoti mpya. Mama, rudi kwenye meza yako, kuna watu wanasubiri majibu." Kisha akamgeukia Bosi. "Na wewe, hiyo ya kusaini rudi nayo."

Kwenye ngazi, Bosi alishuka mbele ghorofa nzima.

"Umetuvua nguo mbele ya mteja," alisema mwishowe.

"Nilikupigia kwanza."

Bosi aliendelea kushuka. "Una wiki moja. Wakituacha, wa kwanza kuondoka unamjua."

Rangi alimjua. Wiki hiyo alikula akiwa amesimama. Alizitupa hesabu za mibonyezo, akachukua karatasi, na mbele ya kila kitufe akaandika swali moja: hiki kikizimika bila mtu kujua, nani ataumia? Vitufe ishirini na viwili havikuwa na mtu wa kuumia, vikaenda droo bila kesi. Swichi ile ndogo ilipandishwa juu kabisa, kando ya namba kubwa, hali yake imeandikwa kwa maneno kamili. Majina ya makarani yakatoka kwenye paji la uso.

Jumanne mkataba wa mama mdogo ulirudi umesainiwa. Ule wa kampuni ya kina Rangi na kampuni ya maji ulikuwa bado. Alhamisi alikaa kwenye meza ya mama mdogo, jalada mkononi. Akaonyesha, akahesabu tatu, akafunika.

"Umeona nini, mama?"

"Nimeona barua sitini, saa za kazi tu, imewashwa."

"Na jina lako?"

"Jina langu sijaliona."

Nyuma yao kiti kikavutwa. Madamu alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, mikono imefungwa kifuani. Akaketi, akaisogelea skrini.

"Anza tena," alisema. "Safari hii nifunikie mimi."