Piki Ndani ya Mukimo

Baba yangu alikuwa na ukucha mmoja aliouheshimu kuliko sisi watoto wake wote. Ni ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia. Haukuguswa na wembe. Aliusugua kwa ubavu wa kiberiti, polepole, kila Jumapili kabla ya kanisa. Kwa ukucha huo alipiga besi ya gitaa tangu alipokuwa kijana wa kuvuna mananasi Thika mpaka akawa guka wa wajukuu tisa. Mama, alipokuwa hai, alisema ni heri tusimuulize achague kati yake na ukucha, kwa sababu jibu angelijua kabla hajalisikia.

Gitaa la kwetu liko kwa gumba. Vidole vingine vinaimba chini, lakini gumba ndilo linalotembea kwenye nyuzi nene, linakwenda na kurudi bila kuchoka, na watu wanacheza kwa kulifuata. Gumba likinyamaza, watu wanarudi kuketi.

Mwaka juzi alijigonga ukucha huo kwa nyundo akitengeneza banda la kuku hapa kwetu Gatongora. Ulitoka. Uliporudi, ulirudi laini, ukawa unapinda ukigusa uzi. Alijaribu mara mbili, akatundika gitaa ukutani na kusema amezeeka. Uongo mtupu. Alikuwa amekasirika, na hasira hiyo naijua vizuri kwa sababu aliyeirithi ni mimi.

Basi msichana wangu akapata mchumba, tarehe ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, ikapangwa. Akaja akaniambia hataki dijei wala spika za kukodi. Anataka guka apige gitaa, basi. Nilimwangalia nikasema sawa, kana kwamba ni jambo rahisi. Usiku ule nilijiapia kwamba mzee atapiga siku hiyo hata kama itabidi nimfunge kwenye kiti.

Nikapanda kwenda Thika kwa duka la vyombo vya muziki. Kijana wa duka aliniwekea mkononi kitu cha plastiki, rangi ya maziwa yaliyochacha, kimepindwa mfano wa pete, na ulimi mdogo umechomoza upande. Unakivaa kwenye gumba, ule ulimi unafanya kazi ya ukucha. Akaniambia wapiga gitaa wengi wanatumia piki hiyo. Nikainunua, nikarudi nyumbani nikijiona daktari.

Baba aliigeuza mara moja tu.

"Maitu," akaniambia. Ananiita hivyo, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Umewahi kuona mtu akila na meno ya jirani?"

"Si meno ya jirani, baba. Ni kama miwani tu. Si miwani unavaa?"

"Miwani haipigi gitaa. Hii nitawatupia kuku."

Akaitia mfuko wa koti, akatoka kwenda bandani. Nilichemka siku nzima. Jioni nilimuuliza ilienda wapi, akasema kuku wameikataa pia.

Sasa mimi si mtu wa kushindwa na mzee mwenye meno sita. Nilirudi Thika nikanunua nyingine, sawasawa na ile ya kwanza, hii ikiwa yangu. Nilifikiri: nikipiga mbele yake, tena nipige vibaya, wivu utamtoa kwa kiti. Alinifundisha nikiwa msichana, nikaacha nilipoolewa. Nikaanza upya. Wiki za kwanza ile piki ilinibana gumba mpaka likawa zambarau, na ulimi wake ulinasa chini ya uzi nikawa natoa mlio wa bati linalovutwa barabarani. Nilijifanyia mazoezi sebuleni makusudi, mlango wazi, yeye akiwa nje kwenye jua. Hakuwahi kugeuza kichwa. Ila kila nikikosea besi, mguu wake ulikuwa unagonga chini pale nilipotakiwa kuwa. Kufikia siku ya ruracio nilikuwa na wimbo mmoja na nusu, na mzee bado hajagusa gitaa.

Siku yenyewe nilivaa piki tangu asubuhi ili gumba lizoee, maana nilipanga kuwapigia wageni wakiingia getini. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mukimo, chakula cha kupondaponda, hausemwi umeiva mpaka mama wa bibi arusi ameupiga mwiko kwa mkono wake mwenyewe. Dada yangu akaniita jikoni: "Kuja usonge yako haraka, wageni wako kona ya barabara." Nikakimbia. Sufuria ilikuwa ile kubwa tuliyoazima kwa akina mama wa kanisa kule Kiuu, viazi, mahindi, mbaazi na majani ya malenge hadi ukingoni. Nikashika mwiko kwa mikono miwili nikasonga kwa nguvu zote, mvuke usoni, jasho mikononi, akina shangazi wakipiga vigelegele. Nilipoachilia mwiko, gumba langu lilikuwa tupu.

Niliangalia chini. Niliangalia aproni. Kisha nikaangalia ule mukimo, wenye mahindi meupe mia kadhaa, kila moja rangi ileile ya piki yangu.

"Umepoteza nini?" dada akaniuliza.

Nikamnong'oneza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. Nje, wageni walikuwa wamefika getini wanaimba wafunguliwe, na wanawake wa upande wetu wanawajibu kwamba hawajaimba vizuri, warudie. Tulipata dakika kumi hivi za kuchakura kwa miiko. Wapi. Shangazi mkubwa akatufukuza, akarudisha sufuria kwenye makaa isipoe, na geti likafunguliwa bila gitaa. Msichana wangu alikuwa chumbani, amefunikwa leso pamoja na wenzake wanne, akingoja mchumba aje amtambue. Mwenzake mmoja aliniambia baadaye kwamba wageni walipoingia bila mlio wa gitaa, msichana wangu alitikisika ndani ya leso. Alikuwa analia.

Mchumba alimtambua mara ya kwanza, watu wakafurahi, na sahani zikaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa naona wazee tu. Wazee wa pande mbili, meza moja, wengi wao hawatafuni, wanameza. Nikajiambia: mama, aibu haiui, lakini plastiki inaweza. Nikasimama katikati ya hema.

"Wazazi wetu, samahani. Kabla hamjameza, tafuneni polepole. Piki yangu ya gitaa imeingia kwa mukimo."

Msemaji wa wageni, mzee mrefu mwenye kofia, akaweka kijiko chini.

"Tumetafuta msichana tukampata," akasema. "Sasa mnatuambia tutafute plastiki. Hii nyumba ina kazi nyingi."

Hema lote liliangua kicheko. Watu wakaanza kuchambua sahani kwa uma, wanawake wakichunguliana, na mimi nimesimama pale natamani ardhi ipasuke. Nilisikia shangazi mmoja wa upande wa pili akisema kwamba mkwe wao atafundishwa nini na mama kama huyu. Hilo lilinichoma.

"Acheni kuhangaika," sauti ikasema. "Iko hapa."

Ilikuwa baba. Alikuwa ameshika kitu kati ya vidole, anakifuta kwa hanchifu. Alikiinua watu wakione. Piki. Kicheko kikawa makofi. Nilikwenda mbio kuichukua, mkono umenyooshwa, lakini hakunipa. Aliisukuma kwenye gumba lake, akaizungusha kidogo mpaka ulimi ukakaa mahali pake, na kusema bila kuniangalia:

"Leteni gitaa. Imenitafuta yenyewe."

Alipiga. Gumba lile lilitembea, likaenda na kurudi, besi nzito iliyonilaza utotoni, na halikunasa hata mara moja. Msichana wangu alitupa leso akaja mbio akacheza mbele ya guka wake, mchumba akamfuata, kisha yule mzee wa kofia, kisha akina shangazi wote, hata yule mwenye mdomo. Mimi nilicheza huku nalia na pua inatiririka, na sikujali.

Siku ya tatu niliketi nje kuosha ile sufuria ya kanisa. Ukoko ulikuwa umeshika chini, nikaukwangua kwa kijiko. Kijiko kikagonga kitu. Nikakitoa, nikakisuuza. Kilikuwa piki yangu, imejikunja kidogo kwa moto.

Baba alikuwa sebuleni anapiga, mlango wazi. Niliingia nikajifanya nampelekea chai, nikachungulia gumba lake. Ulimi wa piki yake ulikuwa umelika upande mmoja, umebapa kabisa. Plastiki hailiki hivyo kwa siku tatu, wala kwa kukaa mfukoni mwa koti. Ilikuwa ile ya kwanza niliyomletea, na hiyo ni miezi ya kupiga, huko bandani, mimi nikiwa kazini, na wasikilizaji ni kuku.

"Hii yako siirudishi, maitu," akasema. "Nenda ununue nyingine."

"Sawa, baba," nikamwambia. Niliitia yangu mfukoni mwa aproni, nikamwekea sukari kwenye chai.