Maswali Matatu ya Kumuuliza Mtaalamu wa Nyota

Shule yetu hapa Kasulu haimwachi mgeni aulizwe swali la ghafla. Ni hatari. Mwanafunzi anaweza akauliza kitu anachotaka kukijua.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mtafiti wa astrofizikia anakuja kutoka chuo kikuu kutufanyia semina, mwalimu wa taaluma aligawa maswali siku moja kabla. Matatu, kwa wanafunzi watatu, yote ya kukariri kwa Kiingereza. Mimi nikapewa la mwisho: changamoto zinazoikabili astrofizikia ni zipi? Swali zuri sana. Alipokuja bwana shamba wa maharage lilikuwa la maharage, alipokuja trafiki likawa la barabara. Nilipewa mimi kwa sababu siongei darasani, na mwalimu anaamini aibu ni kama minyoo, ukipewa dozi inatoka.

Semina ikaanza kwa utambulisho. Walitambulishwa viongozi wa kata, kamati ya shule, mzazi aliyetuazima jenereta, na baba mmoja wa Heru Juu aliyekuja tu kumchukua mwanawe anayeumwa; naye akasimama, akapunga mkono. Kila mmoja akapigiwa makofi ya kilo. Ulimwengu, pamoja na galaksi zake zote, ukabakiziwa muda wa kusubiri wali wa wageni uive.

Mgeni alikuwa kijana aliyevaa raba, wala hakulalamikia muda. Alituonyesha ukutani mchoro wenye vilima vidogo vidogo. Akasema ni mawimbi ya redio waliyoyanasa, wakadhani yanatoka kwenye nyota, wakafurahi, wakaanza hata kuandika makala. Baadaye wakagundua siyo nyota. Akacheka, akaenda kwenye picha nyingine.

Mimi nikabaki palepale. Walijuaje kwamba wamekosea? Shuleni kwetu sijawahi kumsikia mtu mzima akisimulia kosa lake mbele ya watu, tena kwa projekta. Nilitaka kujua hilo kuliko kitu chochote, na swali nililopewa halikuwa hilo.

Ukafika muda wa maswali. Wa kwanza aliuliza lake vizuri. Wa pili, kiranja mkuu mwenye sauti ya mtangazaji, lake likampotea, akachukua langu. Lote, na koma zake. Mgeni akajibu: vifaa, umeme, taa za mijini. Kisha mwalimu wa taaluma akaniita mimi.

"Sema limeshaulizwa, ukae," akanong'ona jirani yangu wa dawati.

Ushauri wa kumfikisha mtu kidato cha sita salama. Mwalimu naye alinikazia macho kwamba niliulize hivyohivyo, ratiba ni ratiba. Nikasimama. Kiingereza chote kikaniaga, nikauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Shikamoo. Samahani, mlijuaje kwamba siyo nyota?"

Nyuma wakacheka. Mgeni akairudisha ile picha.

"Marahaba. Nyota ukiivizia, kila siku inawahi dakika chache kuliko jana. Hii yetu ilikuwa inakuja saa ileile. Kitu cha angani hakiangalii saa ya ukutani. Tukatoka nje kutafuta, kumbe ni pampu ya maji ya kijiji, inawashwa kila asubuhi."

"Na mlikuwa mmeshawaambia watu?" Hilo sijui lilitokea wapi.

"Tulishawaambia. Ikabidi turudi kwenye semina, mbele ya walewale, tuseme ni pampu."

Hapo ndipo lilipokuja lile swali nililolitaka hasa: alisimamaje siku hiyo, na miguu yake ilikuwaje. Nikafungua mdomo. Mwalimu wa taaluma akachukua kipaza sauti, akamshukuru mgeni kwa kutueleza changamoto, akatangaza kwamba wali uko tayari. Makofi ya kilo. Watu wakaanza kubeba viti vyao. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nasubiri watulie.